Nafasi ya "ila": kumfuatilia mgonjwa wa baridi yabisi kwa simu

Picha iliingia WhatsApp saa 1 kasoro dakika 10 asubuhi. Ngumi mbili juu ya kitenge, zimepigwa kwa flashi, na chini yake maneno matatu: "Nzuri tu dokta."

Kliniki iliyoipokea iko mwendo wa basi wa kutwa nzima kutoka kwa mwenye ngumi. Ndiyo maana simu imewekwa katikati. Kwenye fomu ya wiki iliyokuja pamoja na picha, penye swali la viungo kukakamaa asubuhi, palijazwa "1". Wiki iliyotangulia palijazwa "12". Nesi akaona kutoka 12 mpaka 1, akaandika "nafuu kubwa", akaenda kwa mgonjwa anayefuata.

Ngumi ya kulia haikuwa na mabonde.

Kunja ngumi sasa hivi uitazame. Vifundo vinne vimeinuka kama vilima, na kati ya kilima na kilima kuna bonde. Utando wa ndani ya kiungo ukivimba, bonde hujaa mapema, wakati kidole chenyewe bado hakijaonekana kinene. Kwenye ile picha, kuanzia kifundo cha kidole cha shahada mpaka cha kati palikuwa tambarare.

Fomu inasema nafuu, maneno yanasema nzuri tu, ngumi inasema lake. Jambo hili limenikaa kichwani wiki kadhaa, hasa kwa sababu sioni wa kumlaumu. Mgonjwa alijibu alichoulizwa, na nesi alisoma alichoandikiwa.

## Saa ngapi?

Fomu nyingi za baridi yabisi zilitungwa ng'ambo kisha zikafasiriwa. Ya awali inauliza muda: viungo vinakaa vimekakamaa kwa kitambo gani baada ya kuamka. Ya Kiswahili ikatoka hivi: "Asubuhi viungo hukakamaa saa ngapi?"

Mswahili akisoma "saa ngapi" anatazama ukutani.

Kwa hiyo "1" ya mgonjwa ni saa 1 asubuhi, ndipo vidole vinapomwachia. Anaamka saa 10 alfajiri. Hesabu: saa 3 nzima za kukakamaa. Na ile "12" ya wiki iliyotangulia ilikuwa saa 12 asubuhi, yaani saa 2 tu baada ya kuamka. Ugonjwa ulikuwa umeongezeka kwa saa nzima, na karatasi ikaonyesha umepungua kutoka 12 mpaka 1.

Hata ukimpigia na kumuuliza kwa mdomo hujapona mtego. "Saa moja" ni muda na ni wakati, neno ni lile lile. Programu zenye kijigurudumu cha kuchagua saa zinavuruga zaidi: wengine huchagua 7:00 kama simu inavyoonyesha, wengine 1:00 kama wanavyosema.

Dawa yake ni kuuliza mara mbili na kutoa mwenyewe. Umeamka saa ngapi? Vidole vimelegea ukaweza kushika kazi saa ngapi? Tofauti ndiyo jibu, na iandikwe kwa dakika. Vigezo vya Marekani vya 1987 vya kuutambua ugonjwa huu vilidai saa nzima ya kukakamaa ndipo dalili ihesabike. Vya 2010, vya Marekani na Ulaya kwa pamoja, viliiondoa kabisa, lakini katika kumfuatilia mtu yule yule wiki kwa wiki bado ni kipimo cha thamani na hakina gharama.

Angalia pia neno analotumia. Wengi wakikakamaa husema mikono "imekufa ganzi". Mwingine akisema ganzi anamaanisha ganzi kweli: kidole gumba, shahada na cha kati vinawaka usiku mpaka anakung'uta mkono. Huyo mshipa wake wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, jambo la kawaida kwa wagonjwa hawa, na matibabu yake ni mengine. Muulize: ukichomwa na mwiba unausikia?

## Salamu haina ugonjwa

Muulize mtu wa kwetu habari, atasema nzuri hata akiwa kwenye machela. Hadanganyi. Ndivyo salamu inavyojibiwa. Ubaya huja nyuma, baada ya neno "ila": nzuri tu, ila huu mguu, hatujambo, ila usiku hatulali.

Ana kwa ana, "ila" hufika yenyewe mgonjwa akishakaa vizuri kwenye kiti. Kwenye fomu haina pa kuandikwa. Kwenye ujumbe mfupi hukatwa, na kwa wagonjwa hawa kuna sababu moja ambayo ilichelewa sana kunijia akilini: kuandika kunauma. Mtu mwenye vidole vitano vilivyovimba haandiki aya. Anaandika "nzuri tu" kwa gumba moja na kuiweka simu chini. Jibu fupi kutoka kwa mtu aliyezoea maneno mengi ni dalili, liwekwe kwenye kumbukumbu kama joto la mwili.

Kwa hiyo salamu isihesabiwe kuwa swali la kwanza. Msalimie mpaka salamu ziishe, kisha uliza kitu kisichoweza kujibiwa kwa "nzuri": tangu Ijumaa, ni kiungo gani kilikuamsha usiku? Leo nani amekamua tui? Nani amesonga ugali? Na mwambie ajibu kwa sauti. Ujumbe wa sauti wa dakika 2 haumalizi bando, na haudai kidole zaidi ya kimoja.

## Picha tatu, dirishani

Flashi ndiyo adui. Uvimbe mdogo huonekana kwa kivuli chake, na flashi hufuta vivuli vyote. Azime flashi, akae karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu. Afute kamera kwa ncha ya kanga, maana simu inayoingia jikoni ina mafuta. Kitambaa cha chini kiwe cha rangi moja.

Picha ya kwanza: viganja chini, vidole vimeachana. Ya pili: ngumi, simu ishuke mpaka usawa wa vifundo. Ncha za vidole zisipofika kwenye kiganja, aseme unapita unene wa vidole vingapi katikati. Ya tatu apigwe na mtu mwingine: viganja vimekutana kifuani kama mtu anayeomba, kisha viwiko vipandishwe mpaka mikono ilale sawa. Kifundo cha mkono kilichovimba hakikubali. Kiwiko cha upande ule hubaki chini, au mwanya unatokea kati ya viganja.

Asitumie kamera ya mbele. Simu nyingi hugeuza picha kama kioo, kulia kukawa kushoto, na mwezi ujao mtalinganisha mkono na usio wake. Kipande cha plasta kwenye mkono wa kulia kinamaliza ubishi.

Wekundu usiutafute. Vitabu vimechorwa juu ya ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu uvimbe wa moto hugeuka mweusi zaidi au zambarau kwa mbali, na mara nyingi haubadilishi rangi kabisa. Uliza joto. Mtu mwingine wa nyumbani aweke mgongo wa kiganja chake juu ya goti, kisha juu ya paja. Goti lisilo na ugonjwa huwa baridi kidogo kuliko paja. Likilingana nalo, au likiwa na joto zaidi, kuna jambo ndani.

Baada ya hapo picha imefika mwisho wa uwezo wake. Haiwezi kukuambia kama uvimbe ni laini unaobonyea, ambao ndio ugonjwa unaoendelea, au ni mfupa mgumu uliobaki baada ya vita vya zamani. Hapo anahitajika mtu wa pili. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au binti wa nyumbani, anaweza kufundishwa kwa video ya nusu saa. Bonyeza ukingo wa kiungo kwa gumba mpaka ukucha wako mwenyewe uwe mweupe, usizidishe. Mwenye kiungo aseme kinauma au hakiumi. Hiyo ndiyo nguvu anayotumia daktari kliniki.

## Mkono ni mrefu

"Mkono unauma." Mkono upi wa kuanzia wapi? Kwa Kiswahili unaanza begani na kuishia kwenye kucha. Mguu vivyo hivyo, kutoka nyonga mpaka kidole gumba. Nimeona taarifa za wiki 6 mfululizo zikisema "mguu" bila mtu yeyote kuuliza ni goti au ni unyayo.

Suluhisho si kumfundisha mgonjwa maneno ya kitabibu. Mtumie mchoro wa mtu mwenye nukta, aweke alama, au aelekeze kidole kwenye video ya sekunde 15.

Hesabu ya kawaida ya viungo vinavyokaguliwa ni 28: mabega 2, viwiko 2, vifundo vya mikono 2, vifundo 10 vya mashina ya vidole, 10 vya katikati ya vidole tukihesabu na vya magumba, na magoti 2. Ukitazama vizuri, nyayo hazimo. Walioitunga walitaka kitu kifupi, na kwa kundi kubwa la wagonjwa inatosha. Lakini kuna ambaye ugonjwa wake huanza kuchachamaa miguuni. Hesabu yake inasoma sifuri huku anatembea kwa kisigino. Swali la nyongeza: ukikanyaga chini alfajiri, ni kama unakanyaga changarawe? Kisha mtu amminye unyayo pale panapoanzia vidole, kwa upana. Akiruka, umejua.

## Namba, na wapi zinapoteleza

Kwa simu kipimo ninachokipendelea ni RAPID3, kwa sababu hakihitaji daktari kugusa wala maabara. Maswali 10 ya kazi za kila siku, kila moja alama 0 mpaka 3. Jumla unaigawa kwa 3. Ongeza maumivu, 0 mpaka 10. Ongeza hali kwa ujumla, 0 mpaka 10. Mtu mwenye 14 kwenye kazi anapata 4.7, maumivu 6, hali 5.5, jumla 16.2. Ikizidi 12 ugonjwa umepamba moto. 3 kushuka chini, umetulia.

Panapoteleza ni kwenye ile 10. Shuleni 10 kati ya 10 ni sifa, na wapo wanaojipa 9 kwa kuwa wamejitahidi. Andika maneno kwenye ncha zote mbili, sifuri "siumwi kabisa", na wiki ya kwanza mpigie umsikie akieleza kwa nini alichagua namba ile. Swali la kufungua bomba nalo lina kichekesho chake kwa mtu anayechota kisimani. Usilifute wala kulibadilisha, kwani ukigusa maswali 10 hulinganishi tena na mtu yeyote. Ongeza ya kwako pembeni, ya nazi na ya mwiko, bila kuyapa alama.

Je, ufuatiliaji wa namna hii unafaa kweli? Denmark walijaribu kwa haki. Matokeo yalitoka 2018: wagonjwa 294 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Wengine walikuja kliniki kama kawaida, wengine walijaza dodoso nyumbani na kupigiwa simu na daktari, na wengine na nesi. Baada ya mwaka ugonjwa ulikuwa umedhibitiwa sawa sawa, na nesi hakushindwa na daktari. Habari njema, ila wote walichaguliwa wakiwa wametulia tayari, na damu yao ilipimwa. Ukiyachukua matokeo yale ukayatumia kwa mtu aliyeanza dawa mwezi jana, umejitengenezea utafiti wako mwenyewe, na mgonjwa hajui.

Ndivyo ilivyo hata kwa kugundua ugonjwa. Maumivu mapya ya viungo yasipewe jina kwa simu, hasa pwani. Chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ambayo hata jina tumeipa sisi, kwa Kimakonde, baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 uwanda wa Newala, kusini mwa Tanzania, inaweza kuacha vidole vimevimba miezi na miezi, pande zote mbili, sawa kabisa na baridi yabisi.

## Vidonge sita mara moja

Hapa ndipo simu inapookoa maisha, au inapoyapoteza.

Methotrexate, dawa kuu ya baridi yabisi, humezwa siku moja kwa wiki. Mgonjwa wa miligramu 15 akipewa vidonge vya miligramu 2.5 anahitaji 6 kwa pamoja. Mzoefu wa "kutwa mara tatu" akikuta kwenye bahasha "6x1" atasoma vidonge 6 kila siku, na "mara moja" haimsaidii, maana inaweza kuwa kwa siku, kwa wiki, au sasa hivi. Akimeza hivyo siku chache, uboho unaacha kutengeneza damu. Kosa hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Ulaya ililazimika kutoa hatua mpya za kulizuia.

Andika siku kwa jina: "Vidonge 6, Jumapili usiku tu." Ujumbe wa kukumbusha utumwe Jumapili na si siku nyingine. Asidi ya foliki, miligramu 5, iwe na siku yake, tuseme Jumatano. Na kila mwezi apige picha ya vidonge vilivyobaki vikiwa vimemwagwa kwenye sahani. Wiki 4 kwa vidonge 6 ni 24. Aliyepewa 30 akabakiwa na 6 yuko sawa. Akibakiwa na 18, anaruka wiki. Vikiisha vyote kabla ya siku ya 6, mpigie wakati huo huo.

Maswali ya kila wiki hayazidi manne: vidonda mdomoni, homa, kikohozi kikavu na pumzi fupi, michubuko isiyo na sababu. "Ndiyo" moja, dawa inasimama na damu inapimwa siku hiyo. La tano huulizwa kila anapougua kingine: umepewa dawa gani dukani? Septrin ipo kila kona, na ndani yake mna trimethoprim, inayoshambulia njia ya foliki, ile ile inayoshambuliwa na methotrexate. Methotrexate na Septrin ni mchanganyiko unaoweza kuua.

Damu: kila wiki 2 mpaka dozi itulie kwa wiki 6, kisha kila mwezi kwa miezi 3, kisha kila wiki 12. Huo ni mwongozo wa Uingereza wa 2017, na maabara ya wilaya inaumudu. Mgonjwa asiandike majibu kwa mkono; atume picha ya karatasi nzima, kwa kuiambatisha kama faili ili isipondwe, kwa sababu vizio hutofautiana. Kreatinini, kipimo cha figo, ya 1.2 na ya 106 ni kitu kimoja kwenye maabara mbili. Chembe nyeupe chini ya 3.5, chembe sahani chini ya 140, ALT, kipimo cha ini, juu ya 100: hizo hazisubiri zamu ya kesho. ESR, kipimo cha damu cha uvimbe, isome pamoja na himoglobini, kwani upungufu wa damu peke yake huipandisha.

## Weka simu chini

Kiungo kimoja kimevimba ghafla, kina moto, hakigusiki. Viungo vingine vimetulia. Usiombe picha. Hicho ni kiungo chenye usaha mpaka sindano ithibitishe vinginevyo, na usaha hula gegedu kwa siku, si kwa miezi. Homa isipokuwepo usitulie, kwani prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe, huificha. Aende hospitali leo, na maji ya kiungo yavutwe kabla ya antibayotiki ya kwanza.

Jicho jekundu linalouma kwa ndani, leo. Shingo inayopiga shoti mpaka mikononi, leo.

## Simu ya nani?

Swali hili lilipaswa kuwa la kwanza, nami nimeliweka mwisho kama wanavyoliweka wote. Simu janja ya nyumba nyingi ni ya mume au ya kijana. Fomu hujazwa na mtoto wa darasa la 7 anayekimbilia shule, na yeye ndiye anayejua "nzuri tu" imeandikwaje. Kwa mwanamke anayetumia methotrexate lazima uulize hedhi ya mwisho, maana dawa hii huharibu mimba. Utaliandika swali hilo kwenye simu ya shemeji?

Tanzania ina sheria ya taarifa binafsi tangu 2022, Kenya tangu 2019, na zote zinaziweka habari za afya kwenye fungu la kulindwa zaidi. Lakini sheria haikai kwenye kioo cha simu kinachowaka ujumbe mezani. Mkubaliane mapema: saa gani simu iko mkononi mwake, na maswali gani yasubiri sauti yake mwenyewe.

Mwenye ngumi alitumiwa maswali upya jioni ile, kwa sauti, saa ambayo simu iko kwake. Kuamka, saa 10. Kushika kikombe, saa 1. Jibu lake lilichukua dakika 2 na sekunde 10, na karibu nusu dakika nzima ilikuwa salamu: za kwake, za watoto, za mvua. Kisha akashusha pumzi.

"Ila daktari, tangu Jumamosi tui ananikamulia jirani."

Akapangiwa kuja Alhamisi.